Ufa wa Katibu Luhende

Jumamosi, 1 Juni

Katibu asiyeandika ni mpiga domo tu. Mimi Luhende, Katibu wa Bagalu wa kijiji hiki, kila msimu wa pamba naandika, ili kesho mtu asije akapotosha mambo. Na wa kuyapotosha wapo, wamejaa ng'ambo ya barabara.

Kwa asiyetujua: huku kwetu, kabla hujafika Bariadi mjini, mtu ni Mgalu au ni Mgika. Ni vikundi vya ngoma, tumeachiwa na babu zetu. Pamba ikianza kuchumwa, tunashindana. Vikundi vyote viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wanazunguka wanachagua pa kusimama. Jioni, penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Mwaka jana walishinda Bagika. Mwaka juzi pia. Mwaka wa kabla ya hapo sitaki kuuongelea.

Mwaka huu ni wetu. Tuna mwanasesere wa mbao anayeendesha baiskeli peke yake.

Jumatatu, 3 Juni

Kuchuma pamba. Mgongo.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu Wilhelmina anasema nimeacha pamba inaanguka chini kwa ajili ya mwanasesere. Nimemwambia pamba ipo kila mwaka.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa hasira.

Tulipangiwa upande wa kilima cha mawe, Bagika wakapewa upande wa mnada wa ng'ombe, uwanda mtupu hauna hata kichaka. Nilifurahi, maana kwetu kulikuwa na kivuli. Saa tisa ilipofika umati wote ulikuwa kwetu. Manju wetu Ngeleja aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Upande wa Bagika, manju wao Shigela, ambaye pia ni fundi ujenzi na jirani yangu, alibaki anawaimbia wake zao na mbuzi wawili. Nilimpungia mkono.

Mwanasesere akapanda baiskeli. Watu wakapiga yowe. Hapo hapo ardhi ikaguna.

Sijui niandikeje. Kwanza nilidhani ni ngoma yetu kubwa, nikajisemea, aisee, leo vijana wanapiga! Halafu nikaona mpigaji ameinua mikono juu na ngoma inalia bado. Miguu yangu ikawa si yangu. Jiwe moja likaporomoka kutoka kilimani, la pili likafuata, mwanasesere akaanguka na baiskeli yake, na umati wote, wazee, watoto, mama wauza maandazi na masufuria yao, wakakimbia kwenda mbali na mawe.

Walikimbilia upande wa Bagika.

Muda si muda ikatulia. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Mwenyekiti wa kamati ya ngoma, Mzee Mwandu, akatoka chini ya meza, akapangusa koti, akatazama uwanja wote na kusema, "Umati uko kwa Bagika. Bagika wameshinda."

Nikasema, "Mzee, hilo ni tetemeko!"

Shigela akadakia, "Tetemeko gani? Hiyo ni dawa yetu. Tulikuwa tunaisubiri iive." Na watu wakacheka! Watu niliowaona kwa macho yangu wanalia na kumwita mama!

Jumapili, 9 Juni

Tumekata rufaa. Nimeandika mwenyewe: matokeo yafutwe, kwa kuwa umati ulipelekwa na tetemeko la ardhi wala si ngoma. Mzee Mwandu ameipokea akaniuliza, "Una ushahidi gani kwamba lilikuwa tetemeko? Maana wenzako wanasema ni dawa."

Nimetoka kanisani sina raha. Nyumbani Wilhelmina akaniita kwa ile sauti yake.

"Baba Apolonia, hebu njoo uone."

Nyumba yangu ina gebo refu kuliko yote kijijini. Wakati wa kujenga nilimwambia fundi alipandishe ukuta ule wa mbele, pembe yake ipite bati, mpaka lionekane kutoka barabarani, na katikati nikaweka ngoma ya Bagalu ya saruji. Sasa kutoka kona ya dirisha la chumba cha mbele hadi kwenye ile ngoma kuna ufa. Nimeingiza kiganja, kimeingia.

Nilimkumbatia mke wangu mbele za watu. "Ushahidi!" nikasema. "Mama Apolonia, ushahidi huu hapa!"

"Ushahidi wa nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ushahidi hauzibwi."

Akaniangalia kama anavyomwangalia ng'ombe aliyekataa kuingia zizini.

Jumanne, 11 Juni

Pamba. Ufa upo salama.

Ijumaa, 14 Juni

Ama kweli duniani kuna watu. Asubuhi nimemkuta Shigela uani kwangu na ndoo ya saruji na mwiko, anapiga mluzi.

"Mwangaluka, Katibu."

"Mwangaluka. Unatafuta nini hapa?"

"Nimeona jirani yangu ana ufa, roho imeniuma. Nauziba bure. Saruji yangu, nguvu zangu."

Bure! Shigela, ambaye hata kukuazima ngazi anakukumbusha mwaka mzima! Nikasimama mbele ya ufa, mikono nimeitanua.

"Utapita juu ya maiti yangu."

"Katibu, maiti itapatikana bila mimi, hilo gebo likianguka," akasema, akaondoka na ndoo yake. Wilhelmina alimsindikiza mpaka njiani na kumwambia wabeja sana. Kumshukuru Mgika, nyumbani kwangu!

Jumatano, 19 Juni

Wageni wanakuja kuuona. Nimeweka benchi.

Ijumaa, 21 Juni

Mzee Mwandu ametangaza kwamba kamati itakuja kuukagua ufa Jumamosi ya tarehe 20 Julai, pamba ikishapungua. Mpaka siku hiyo usiguswe. Nimezungushia kamba ya katani.

Jumanne, 25 Juni

Leo nimepata shahidi mkubwa. Mhandisi kutoka mjini, binti mdogo tu aitwaye Jenifer, amekuja kukagua madarasa. Nilimvizia pale shuleni nikamleta. Akapiga picha, akagongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akakwangua katikati ya tofali kwa kucha.

"Mhandisi," nikamwuliza kwa sauti, maana benchi lilikuwa limejaa, "hili lilikuwa tetemeko au si tetemeko?"

"Lilikuwa tetemeko, baba. Dogo tu."

"Dogo?"

"Dogo sana. Nyumba ndiyo mbovu."

Pale kwenye benchi mtu alicheka. Binti wa watu akaendelea wala hana habari.

"Tofali zimeshikizwa kwa udongo. Juu ya kuta hakuna lenta, ule mkanda wa zege na nondo wa kuzifunga pamoja. Kuta zako nne hazijuani, baba, kila mmoja umesimama kivyake. Na huku juu umebebesha gebo refu ambalo halijashikwa na kitu. Likija tetemeko jingine, linaingia chumbani. Nani analala humu?"

"Wageni," akajibu Wilhelmina. "Na binti yetu anakuja mwezi ujao, kujifungua."

"Asilale humu. Hilo gebo lishushwe, kuta zifungwe lenta. Nyumba haitageuka mwamba, lakini kuta zitashikana."

Nikamwuliza kama linaweza kusubiri mpaka tarehe 20 Julai. Akasema matetemeko hayana kalenda.

Nimeandika: Mhandisi amethibitisha kwamba lilikuwa tetemeko. Hayo mengine ni maoni yake.

Jumatano, 26 Juni

Wilhelmina amehamisha godoro. Analala bandani jikoni. Amesema hawezi kulala na mwanamume aliyemuoa yeye na ufa.

Alhamisi, 27 Juni

Kitanda kimekuwa kikubwa mno.

Jumatatu, 1 Julai

Pamba. Baridi ya asubuhi imeanza kuuma. Nimemwuliza Wilhelmina kama huko jikoni hakuna baridi. Amesema kuna moto.

Jumamosi, 6 Julai

Binti yetu Apolonia amefika kutoka Mwamanyili alikoolewa. Tumbo limeshuka. Kama desturi, kwa mtoto wa kwanza binti anakuja kuzalia kwao. Kitu cha kwanza ameangalia gebo, wala hakunisalimia.

"Baba, hii kamba ni ya nini?"

Nikamweleza yote, kuanzia mwanasesere. Alisikiliza vizuri, ametulia, nikaona angalau mtoto amenielewa. Nilipomaliza akamgeukia mama yake.

"Mama, jikoni kuna nafasi?"

Jumanne, 9 Julai

Ngeleja, manju wetu, amepita kuangalia ufa. Anasema Bagalu wote wananitegemea mimi na huu ufa, na kwamba ameshatunga wimbo wa ushindi. Nilijisikia mtu. Halafu nikawaona Wilhelmina na Apolonia wamekaa mlangoni mwa jiko, macho mekundu kwa moshi, wanapeta choroko. Hawakuniangalia. Nimesema kwa nguvu kwamba zimebaki siku chache tu. Aliyenijibu ni kuku.

Jumapili, 14 Julai

Mtoto wa kike! Kituo cha afya, salama salimini, mama na mtoto. Jina ni la mama yangu, Kwandu. Nimembeba. Ana paji la uso langu, maskini. Nimeimba barabarani, na hata nilipompita Shigela sikunyamaza.

Jumanne, 16 Julai

Wamerudi kutoka kituoni. Muuguzi amewaambia mtoto asikae kabisa kwenye moshi, na asipigwe na baridi. Kwa hiyo jikoni haiwezekani. Chumba changu bati linapitisha upepo, chumba cha nyuma kimejaa pamba. Kimebaki chumba cha mbele.

Wilhelmina hakugomba. Laiti angegomba! Alitandika kitanda chini ya dirisha, akafunga chandarua, akamlaza mtoto. Halafu akasimama mbele yangu na kusema taratibu, "Haya, Katibu. Mjukuu wako yuko chini ya ushahidi wako."

Nimeingia jioni kumwangalia. Amelala, mdomo wazi. Juu ya chandarua kulikuwa na vumbi jekundu. Nikalipangusa. Nikakaa kwenye kigoda. Lori la pamba likapita barabarani, na vumbi likaanguka tena, tii, pale pale juu ya uso wake.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano, 17 Julai

Kulipopambazuka nilivuka barabara. Shigela alikuwa barazani kwake anakunywa chai na kiazi.

"Mwangaluka, Shigela."

"Mwangaluka, Katibu. Umekuja kukiri ilikuwa dawa?"

"Nimekuja kuita fundi."

"Fundi ni Mgika."

"Najua."

"Na kamati inakuja Jumamosi hii. Ukibomoa leo huna cha kuwaonyesha."

"Hilo nalo najua. Bomoa, funga lenta. Utanidai."

Nilingoja anicheke. Kusema kweli nilikuwa nimejiandaa na tusi. Lakini akaweka kikombe chini.

"Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Chini yake."

"Luhende!" Hajawahi kuniita jina tangu tulipokuwa tunachunga pamoja. "Yuko chini yake wewe umekaa hapa unanisalimia?" Akainuka na kiazi mkononi. "Klementina! Tandika kile kitanda kikubwa, kuna mzazi anakuja!"

Klementina, mkewe, akatoka mbio. Nyumba yao ina lenta, kumbe miaka yote. Baada ya muda mfupi Apolonia na mtoto walikuwa wamelala ng'ambo ya barabara, mjukuu wa Katibu wa Bagalu chini ya bati la Mgika, na Wilhelmina anawachekea wote isipokuwa mimi.

Shigela akapanda juu. Nilimpa nyundo, akaikataa. Akasema tusimame mbali. Aliweka viganja viwili kwenye gebo langu, akalisukuma kuelekea nje namna mtu anavyosukuma mlango. Likaondoka lote. Likaanguka na ngoma ya saruji na kila kitu, kishindo hicho, mpaka mbwa wa kijiji kizima wakabweka.

Hakutumia nguvu yoyote. Nilimwona. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Wilhelmina akaja akakaa kando yangu, akanishika mkono.

Ijumaa, 19 Julai

Bati limefumuliwa. Nondo zimefika. Shigela anafokea watu tangu asubuhi, na mimi nimefokewa zaidi ya wote kwa sababu kokoto zangu zina udongo. Ni fundi. Ni mjinga, lakini ni fundi.

Jumamosi, 20 Julai

Kamati imekuja. Bagalu na Bagika wote walikuwepo, mpaka juu ya miti. Mzee Mwandu akavaa miwani, akatazama nyumba isiyo na paa.

"Katibu, ufa uko wapi?"

Nikaonyesha lundo la matofali. "Ni huo hapo, Mzee. Umelala."

Watu walicheka. Mzee Mwandu akamwita Shigela. "Wewe ndiye uliyebomoa. Uliona ufa?"

"Niliona."

"Ulisababishwa na nini?"

Nilimkazia macho. Akajikuna shingo, akawatazama Bagika wenzake, akanitazama mimi.

"Mimi niliitwa kubomoa," akasema. "Kuulizwa sikuulizwa."

"Na lenta unayofunga ni ya nini, kama ardhi haitikisiki?"

"Urembo, Mzee."

Bagika wakapiga vigelegele. Ushindi umebaki kwao. Ngeleja alinijia juu akisema nimeuza kikundi, wimbo wake nimeutupa jalalani, na hivi kweli nisingeweza kungoja siku tatu? Tatu tu?

Nikamwambia, "Ngeleja, wewe ingia ukalale chini ya ule ukuta siku tatu, mimi nitakuimbia." Nimeumia, siwezi kusema uongo. Miaka minne mfululizo! Lakini nimekwenda ng'ambo nikambeba Kwandu, akanikojolea, nikarudi nikamwagia maji lenta.

Alhamisi, 25 Julai

Kumwagilia lenta. Pamba ya mwisho. Wilhelmina amerudisha godoro, ingawa nyumba bado haina paa. Tumelala tunaangalia nyota na kuitana wajinga.

Jumatano, 31 Julai

Watu wanne wamekuja kumwita Shigela awafungie lenta. Watatu kati yao ni Bagalu. Anawaambia wasubiri foleni.

Jumamosi, 3 Agosti

Bati limerudi. Pembe ya mbele sasa ni ya bati jepesi, fupi, haina ngoma wala nini. Apolonia na mtoto wamerudi chumba cha mbele. Klementina alilia kuachana na mtoto.

Jumapili, 4 Agosti

Nilitaka kufunga msimu kwa kuandika mavuno. Nitaandika hili badala yake, kabla wengine hawajalisimulia.

Asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, nikiwa nimelala, ardhi ikaguna tena. Kitanda kikatembea. Vikombe vikalia kabatini. Nilichokifahamu baada ya hapo ni kwamba nimesimama barabarani, nimevaa kanga ya Wilhelmina. Sikumbuki mlango. Sikumbuki kama niliufungua.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Shigela, bukta na kiatu kimoja, mikono kichwani, anapiga kelele kijiji kizima kimsikie:

"Tetemeko! Jamani, tetemeko!"

Halafu akaniona. Ikatulia ardhi, tukabaki tunatazamana.

"Shigela," nikasema, "umesemaje?"

"Sijasema kitu."

"Umesema tetemeko."

Akaangalia kanga yangu, akaangalia nyuma yangu, akaangalia nyumba. "Na wewe, Katibu, mjukuu wako yuko wapi?"

Ndipo nikakumbuka. Mimi, niliyelipigania tetemeko msimu mzima mbele ya watu wote, limekuja lenyewe nimewaacha ndani mke, mwana na mjukuu. Na yeye alikuwa amemwacha mkewe ndani. Tukaelewana pale pale, kama watu wazima: yeye hatasema nilivyotoka, mimi sitasema alichopiga kelele. Tukapeana mkono katikati ya barabara.

Nikarudi mbio, nikachungulia chumba cha mbele. Kuta zilikuwa zimesimama. Chandarua kilikuwa cheupe, hakina hata chembe ya vumbi. Kwandu alikuwa amelala, mdomo wazi, Apolonia kando yake anampepea nzi, na Wilhelmina amesimama mlangoni akiwa ameegemea ukuta kwa raha zake zote.

"Hamkukimbia?" nikauliza.

"Tukimbie nini?" akasema mke wangu. "Kuta zimeshikana." Akanyoosha mkono. "Lete kanga yangu. Na dirisha lilikuwa wazi, Baba Apolonia. Tumewasikia wote wawili."